Kibanio cha Chaneli ya Tisa

Ndege ilikuwa imelazwa juu ya meza ya vielelezo, imevunjika shingo. Watu walipenda kuiita ndege ya kuchezea, ila aliyeiita hivyo mbele ya Inspekta asubuhi ile alijuta kufungua mdomo. Mabawa yake yalikuwa mapana kuliko mlango wa chumba, injini yake ilikunywa petroli, na pangaboi lake la mbele lilikuwa limekatika ncha moja. Ncha hiyo waliitoa madaktari shingoni mwa binti wa watu, mwalimu wa chekechea, siku ya Jumamosi.

Inspekta huyu alikuwa mwanamke, na kituo kizima kilimwita Sindano. Wapo waliosema ni kwa sababu ya wembamba wake, na wapo waliosema ni kwa kuwa akishaingia mahali hatoki mpaka uzi umfuate. Mwenyewe hakujali. Alikuwa amesimama mbele ya ndege ile tangu ofisi ilipofunguliwa, mikono nyuma, na Sajini wake alikuwa pembeni akipuliza chai.

Mkuu wa kituo aliingia bila kubisha. Chumba kilikuwa chake, abishe wapi.

"Bado unaitazama tu? Kesho asubuhi kijana anapanda kizimbani. Mauaji ya kukusudia. Faili nimelisoma, linajieleza lenyewe."

"Linajieleza mno, Afande. Ndiyo maana sina usingizi."

"Sindano, usinitafutie ugonjwa. Baba wa marehemu amenipigia tena asubuhi hii. Yule si mtu wa kuzungushwa."

Hakuwa mtu wa kuzungushwa kweli. Mji mzima ulimjua kwa jina la Mzee Masafa. Alikuwa ametumia maisha yake yote ya kazi akigawa masafa ya redio: nani azungumze kwenye mawimbi yapi, nani anyamaze, nani apewe leseni na nani anyang'anywe mtambo. Alistaafu kwa heshima, hakuwahi kula hongo hata ya soda, na sasa mwanawe wa pekee yuko kaburini. Mtu kama huyo akipiga simu, mkuu wa kituo husimama kuipokea.

Na faili kweli lilijieleza. Mtuhumiwa ni fundi wa friji. Alituma wazee kupeleka posa kwa binti yule, Mzee Masafa akawarudisha na maneno makali juu. Siku mbili baadaye fundi alikuwa kwenye kiwanja cha kurushia ndege, ndege yake iko hewani. Binti akatokea. Mashahidi watatu waliwaona wakisemezana, kisha wakamwona binti akitimua mbio kuelekea tuta la bwawa, na ndege ikageuka juu kwa juu ikamfuata. Binti amkimbie mchumba aliyekataliwa, na mchumba amfukuzie ndege: hata mtoto wa shule angeandika hati ya mashitaka.

Mkuu alipotoka, Sindano aliinua rimoti ya fundi. Ilikuwa ya zamani, nzito, eriali yake ya chuma ikivutwa inakuwa ndefu kama fimbo ya mchungaji. Kwenye eriali kilikuwa kimebanwa kibanio cha mti kilichopakwa rangi nyekundu, kimeandikwa tisa.

"Na hiki?"

"Kibanio cha nguo hicho, Afande," Sajini alisema. "Labda alikuwa ameanika."

Sindano alikigeuza. Kwenye meno yake kulikuwa na tope kavu, jeusi, lililoingia hadi kwenye waya. Kiwanja cha ndege kilikuwa cha mchanga mwekundu. Alikijua, kwani alikuwa amekikanyaga Jumamosi mpaka viatu vikabadilika rangi. Akakirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni na kumwambia Sajini amlete fundi.

Fundi aliletwa. Alikuwa mrefu, mwenye vidole vilivyoungua ungua kwa kuchomelea mabomba. Alikaa bila kuambiwa, si kwa ujeuri, kwa uchovu tu.

"Umekula?" Sindano alimuuliza.

"Hakipiti, Afande."

"Tangu lini?"

Fundi alitikisa kichwa. Sajini akajibu kwa niaba yake kwamba tangu Jumamosi sahani inaingia na kutoka ilivyo.

"Nani alikuwa anaiendesha ile ndege?"

"Mimi."

"Nani aliielekeza kwa yule binti?"

"Si mimi. Ilitoka mikononi mwangu. Nilivuta kulia ikaenda kushoto. Nilipunguza moto ikaongeza. Nilikuwa nashika rimoti lakini sikuwa naendesha kitu."

"Imeharibika?"

"Ilikuwa nzima. Niliikagua asubuhi. Naijua kama ninavyoijua kompresa ya friji."

"Sasa, binti alikuja, mkasemezana. Mlisemezana nini?"

Fundi aligeuzia uso ukutani.

"Mligombana?"

"Hatujawahi kugombana, mimi na yeye. Hata siku moja."

"Basi alikuwa anakimbia nini?"

Fundi alitazama vidole vyake vilivyoungua. "Hilo niachie mwenyewe, Afande."

"Kesho utasimama mbele ya hakimu kwa kosa la kunyongwa, kijana. Hili si la kuachiwa mwenyewe."

"Najua."

"Unamficha mtu."

"Simfichi. Nilimwahidi marehemu tu." Akafuta macho kwa kiwiko, kama mtoto. "Yule mama yake hana mtoto mwingine. Kabaki na mume tu. Basi."

Sindano aliyachukua maneno hayo bila kuyajibu. Alipofungiwa tena, Sajini alisema kijana amechanganyikiwa, mara ahadi, mara mama. Sindano akamjibu kuwa mwenye hatia huongea sana, na huyu wanamvuta maneno kama jino. Hapo ndipo alipomkumbuka daktari wa meno.

Daktari wa meno ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya ndege. Walimkuta kiwanjani, amefungua kibanda cha klabu anafagia, kwani tangu msiba hakuna aliyerusha. Alikuwa mtu wa kitambi na miwani, na alikuwa na uso wa mtu aliyelia na kuoga na kulia tena.

Ndani ya kibanda, ukutani, palikuwa na ubao wa mbao wenye safu ya vibanio vya nguo, kila kimoja na rangi yake na namba yake. Nafasi moja ilikuwa tupu.

"Nieleze hivi kama unamweleza mgonjwa," Sindano alisema. "Bila ganzi."

Daktari alitabasamu kidogo, akaona aibu kutabasamu. "Rimoti za zamani zina chaneli, mama. Wewe ukiwasha yako kwenye chaneli ya tisa, nami nikawasha yangu kwenye tisa hiyohiyo, ndege haijui imsikilize nani. Inapata wazimu. Sasa mawimbi ya redio huyaoni, utajuaje kama mwenzio kawasha? Ndiyo maana ya ubao. Kila chaneli ina kibanio kimoja tu. Unakitoa ubaoni, unakibana kwenye eriali yako, ndipo unawasha. Huna kibanio mkononi, huwashi. Hata uwe nani. Mimi mwenyekiti nimewahi kusubiri hapa jua limenichoma mpaka nikababuka, kisa kibanio changu kiko kwa mtu."

"Wote bado mnatumia hivyo?"

"Wapi! Sasa watu wana rimoti mpya, zinajitafutia nafasi zenyewe, hazigombani. Ubao umebaki wa mapambo. Aliyebaki na rimoti ya zamani ni yule fundi peke yake, maana mpya bei yake haishikiki."

"Kwa hiyo Jumamosi hapakuwa na mtu mwingine hapa mwenye rimoti ya chaneli ya tisa."

Daktari alishika tena ufagio. Sajini, ambaye alikuwa amechoka kusimama, akanusa kitu na kusogea.

"Ulikuwa nayo wewe," Sajini alisema.

"Nilikuwa nayo, ndiyo! Nimeiuza, kitambo. Na Jumamosi nilikuwa hapo mezani nabadilisha betri, watu wamenizunguka, waulize."

"Ulimuuzia nani?"

"Marehemu."

Sajini aliruka na hitimisho kama paka na dagaa: binti alimnunulia mchumba wake rimoti ya pili, mchumba akampa mshirika aiwashe mafichoni, ndege ipate wazimu, lawama ikose mwenyewe. Sindano alimwacha amalize, kisha akauliza kitu kingine kabisa.

"Kibanio cha tisa kilikuwa kinatoka humu kibandani?"

"Ah, hicho kilikuwa na miguu." Daktari alivua miwani akaifuta. "Kila Jumamosi binti alikuwa anavuka tuta kutoka bwawani, kule kwa watu wa mashua za rimoti, anakuja, fundi akitua anamkabidhi kibanio, binti anaondoka nacho. Baadaye anakirudisha. Sisi tukasema ni mambo ya wapendanao, mmoja anampa mwenzake ua, hawa wanapeana kibanio. Tuliwatania sana. Na ndivyo walivyojuana, kwenye kibanio hichohicho. Kinarudi kila mara kina tope, fundi hakifuti."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi hatukumtarajia fundi. Baada ya kurudishiwa posa tulijua hataonyesha uso. Lakini alikuja, akasema anataka kurusha tu, kichwa kipoe. Binti alipofika alitazama ubao kwanza. Akaona pengo. Akageuka akakiona kibanio kwenye eriali ya fundi, na ndege iko juu. Akamwuliza kitu, injini inapiga kelele, sikusikia. Halafu akatimua mbio. Mama, mimi nimeona watu wakikimbia kiti changu cha kung'olea meno. Yule hakuwa anakimbia mtu. Alikuwa anawahi."

Sindano aliandika neno moja tu, alikuwa na desturi hiyo. Aliandika: anawahi.

Kutoka hapo walikwenda ofisi ya mawasiliano, ghorofani, kwenye korido inayonuka rangi mpya. Ofisa wa masafa alikuwa kijana mwenye tai iliyofungwa mpaka ikamkaba. Sindano alimuuliza swali jepesi: mtu wa majini, mwenye mashua ya rimoti, anaruhusiwa kutumia chaneli za ndege?

"Hapana kabisa. Ndege ndogo zina masafa yake, vyombo vya ardhini na majini vina yake. Anayechanganya ananyang'anywa kifaa na kushitakiwa. Leseni ya hilo haipo, hata ukiomba kwa magoti."

"Kwa nini mkali hivyo?"

Kijana alijiweka sawa na kusoma kutoka kichwani, kama anayesoma sala. "Mashua ikipata wazimu inagonga ukingo. Ndege ikipata wazimu inamwangukia mtu." Akaongeza, "Si maneno yangu. Ni ya mzee aliyetunga kanuni hii. Alikuwa anatukaririsha sote tulioingia kazini."

"Mzee Masafa."

"Ndiye. Mungu ampe subira, msiba ule ni mzito."

Sajini alikohoa. Sindano alisubiri kikohozi kiishe. "Sasa nisaidie. Mtu wa majini mwenye akili zake, anayeijua sheria, angetaka masafa ya ndege ya nini?"

"Mwenye mashua hana haja nayo. Rimoti mpya zinamtosha." Kijana alifikiri, akalegeza tai. "Labda awe na nyambizi. Nyambizi ndogo, ya kuzama kweli. Mawimbi ya rimoti mpya hayapenyi maji, yanafia juu juu. Chombo kikizama tu, kimekuwa kiziwi. Anahitaji masafa ya zamani, ya chini, hayo yanashuka mpaka kwenye kina cha bwawa. Watu wa majini walitengewa chaneli zao huko, lakini vifaa vyake havitengenezwi tena, hakuna duka lenye navyo. Vya zamani vilivyobaki mikononi mwa watu karibu vyote ni vya ndege."

"Na nyambizi ikizama, watu wa ukingoni wanaiona?"

"Wataionaje, Afande? Ndiyo raha yake."

Walishuka ngazi mpaka chini. Ndipo Sajini alipofuta jasho na kusema, "Afande, tusije tukakosea hapa. Yule mzee ni mfiwa."

"Nami naomba niwe nimekosea," Sindano alisema, na alikuwa akisema kweli.

Bwawa lilikuwa upande wa pili wa tuta, mgongoni mwa kiwanja cha ndege. Ukisimama ukingoni hukioni kiwanja, na ukisimama kiwanjani hulioni bwawa. Tuta limekaa katikati kama pazia. Watu wa mashua walikuwa na ubao wao, na chaneli zao, na hawakuhitaji kuulizana kitu na watu wa ndege, kwa kuwa sheria ilikwisha kuwatenganisha. Tope la ukingoni lilikuwa jeusi tii.

Mlinzi wa bwawa aliinuka kutoka kwenye benchi akapiga saluti isiyotakiwa.

"Jumamosi kulikuwa na mashua majini?"

"Hata moja, Afande. Upepo ulikataa. Hata yule askari aliyekuja nilimwambia, hakuna aliyekuwa anaendesha chochote hapa."

"Mzee Masafa alikuwepo?"

"Yupo kila Jumamosi. Alikaa kule ng'ambo kwenye kiti chake, peke yake. Hakuwa na mashua."

"Mkononi alikuwa na nini?"

"Kile kisanduku chake chenye eriali. Mzee wa redio yule, anasikiliza redio."

Katika maelezo yake, Mzee Masafa alisema alikuwa amesinzia ndani ya gari lake hapo bwawani. Sindano hakulitaja hilo. Aliuliza kelele zilipopigwa upande wa pili, mzee alifanya nini.

Mlinzi alijikuna kisogo. "Alikuwa majini."

"Majini wapi?"

"Hapo penye magugu. Maji yamemfika kifuani, na nguo zake zote. Anapapasa chini kama mtu aliyedondosha saa. Nikamwita, nikamwambia, mzee, huko ng'ambo ya tuta kuna mtu kapigwa na ndege, wanapiga mayowe. Hakugeuka. Alinijibu: subiri kwanza."

"Alisema hivyo?"

"Subiri kwanza. Nikasubiri. Mpaka wakaja kumwita kwa jina la mwanawe." Mlinzi alitazama chini. "Sikulisema hili kwa askari. Hakuniuliza, na mtu hawezi kumsemea mfiwa neno kama lile."

Sajini alikuwa ameshavua viatu kabla hajaambiwa. Alikunja suruali, akachukua upondo wa mlinzi wenye ndoana, akaingia kwenye magugu akilaani kimoyomoyo. Alipapasa, akanasa gogo, akanasa tairi, akanasa kitu kilichogoma. Alipokivuta kilitoka kikitiririka tope: kitu cha kijivu, chenye umbo la samaki asiye na mapezi, kirefu kama mkono wa mtu mzima, usukani wake umesokotwa na majani.

Walikiweka juu ya nyasi. Kazi yake ilikuwa safi ajabu. Kila mshono umezibwa kwa subira, kila msumari umekaa mahali pake. Mtu aliyekitengeneza alikipenda. Sindano alifungua kifuniko cha juu kwa bisibisi ya mlinzi, taratibu, na ndani kulikuwa kukavu. Kwenye kipokezi kulikuwa na kidude kidogo cha chuma kinachochomekwa, kilichopakwa rangi nyekundu. Juu yake, kwa mwandiko mdogo wa mzee mwenye utaratibu, iliandikwa tisa.

"Mganga hajigangi," Sajini alisema polepole, maji yakimchuruzika miguuni.

Nyumba ya msiba ilikuwa imejaa viti vya kukodi. Wanawake walikuwa jikoni nyuma, wanaume barazani, sauti za chini chini. Walipotoa njia Sindano apite na gunia lake lililoloa, kila mmoja alidhani ni mambo ya mahakama ya kesho.

Mzee Masafa alikuwa chumba cha mbele, kwenye kochi, amevaa shati lililopigwa pasi. Hata kwa msiba hakujiachia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Umeniletea habari? Kesho wanamsomea?"

Sindano hakukaa. Aliliweka gunia sakafuni na kulifungua. Nyambizi ilitazama juu, bado ina jani moja shingoni.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Mkono wake ulienda wenyewe, ukaliondoa lile jani.

"Mmeitoa wapi?"

"Pale ulipokuwa unaitafuta, Mzee. Wakati mlinzi anakuita."

Mzee alianza kulikunja lile jani. Nje mtu alicheka kidogo, akanyamazishwa.

"Marehemu alikununulia rimoti kwa daktari," Sindano alisema. "Na wewe unaijua sheria kuliko sisi sote, kwa hiyo mlijitengenezea sheria yenu ndogo. Anavuka tuta, anachukua kibanio cha tisa, anakuletea. Kibanio kikiwa kwako, kule hakuna anayeweza kuwasha. Ukimaliza, anakirudisha. Mlifanya hivyo kila Jumamosi bila dhara."

"Bila dhara hata moja," Mzee alisema, na sauti yake ilikuwa ya ofisini, ya mtu anayetetea mafaili yake. "Bila kibanio hatuwashi. Ndivyo nilivyomfundisha."

"Jumamosi ulikuwa nacho?"

Hilo ndilo swali Sindano alilokuwa akiliogopa tangu asubuhi. Aliwahi kuwakamata wauaji waliomtemea mate, na hakuna aliyemchosha kama mzee huyu aliyekuwa akikunja na kukunjua jani la bwawa.

"Alichelewa," Mzee alisema hatimaye. "Nyambizi iko majini, betri inaliwa. Nikasema, nani aliyebaki kwenye tisa? Wote wamehamia rimoti mpya. Yuko yule kijana tu, na yule nilikwisha mfukuza. Niliwaambia wazee wake kwamba fundi wa friji haingii kwangu. Nikasema hatatokea, ataona aibu. Nikawasha."

"Na nyambizi ikakataa kukutii."

"Ikajichimbia kwenye magugu. Nikadhani maji yameingia ndani. Nikaingia kuifuata." Jani lilikatika vidoleni mwake. "Rimoti niliiacha kwenye kiti. Imewaka."

"Wewe ulijua lini?"

"Nilipoona kibanio kwenye eriali ya yule kijana. Hapo hapo, juu ya tuta, kabla hawajamfunika mwanangu. Mimi ndiye niliyeandika maneno yale, Inspekta. Ndege ikipata wazimu inamwangukia mtu. Ningekosa kujua?" Alivuta pumzi. "Nilitaka awe ameuawa na mtu mwingine. Basi. Mtu yeyote."

"Kijana naye anajua," Sindano alisema. "Alijua tangu mwanzo. Tumembana, hakusema. Alisema yule mama kabaki na mume tu."

Kitu kiligonga fremu ya mlango. Mke wa Mzee alikuwa amesimama hapo na sinia la vikombe, na hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Alikuwa mwanamke mfupi, macho yamevimba, kanga ameifunga kiunoni kama mtu wa kazi. Hakumtazama Inspekta, alimtazama mumewe.

"Alikuwa amekuletea kibanio?"

"Mama, ngoja nikueleze—"

"Sikuuliza unieleze. Kibanio. Kilikuwa mkononi mwako?"

"Hapana."

"Kwa hiyo alikuwa anakuja kukuzuia."

Mzee alifunika uso kwa viganja. Hakulia kwa sauti. Mabega ndiyo yaliyolia, na shati lililopigwa pasi likajikunja mgongoni.

Mke aliweka sinia mezani, taratibu, asije akavunja kikombe cha kuazima. Alisimama akaitazama nyambizi, kile kitu kizuri, kilichozibwa kila mshono. Kisha akamgeukia Sindano.

"Mwanangu, yule kijana huko kituoni kwenu, amekula?"

"Tangu Jumamosi hajala, Mama."

Sindano alimwambia Mzee achukue koti, na aonyeshe rimoti ilipo. Mzee aliinuka, akaenda kuitoa chini ya kitanda cha binti yake, ambako hakuna mgeni wa msiba aliyekuwa akikaribia. Alirudi ameibeba kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kitoto, na barazani mazungumzo yakafa moja baada ya jingine kadiri walivyomwona.

Huko nyuma jikoni wanawake walikuwa wameanza kupakua, na mmoja aliuliza sahani za wazee wa barazani ziende sasa au bado. Sauti ya mke wa Mzee Masafa ikasikika nyumba nzima, haitetemeki.

"Hao wasubiri. Nipeni bakuli lenye mfuniko. Pakueni cha mkwe wangu kwanza."